Kiti cha karibu na kichwa: barua kwa mwanangu aliyeniuliza kuhusu ketamini

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo sote. Bibi yako magoti yanamsumbua kama ilivyo kawaida yake wakati wa masika, lakini anakula vizuri na kila siku anakuulizia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema mwenzako mmoja mnayekaa naye hapo Manchester anavuta ketamini puani. Alianza Ijumaa kwa Ijumaa, sasa ni karibu kila siku. Ulipomwambia aache, alikujibu kwamba ile ni dawa ya hospitali, watoto wadogo wanachomwa, na mama yako mwenyewe ameitumia kazini miaka 28. Ukaniuliza, "Mama, ni kweli? Na kama ni kweli, hatari iko wapi?" Kisha mwishoni, kama mtu anayetaja jambo dogo, ukasema usiku anaamka mara sita, mara saba, kwenda haja ndogo, na mnamsikia akigugumia kwa maumivu humo chooni.

Baba, hilo la choo ndilo lililoninyima usingizi. Kabla hujaendelea kusoma, fanya hivi: mwambie aende kwa daktari wiki hii hii, na akifika alitaje neno lenyewe, ketamini. Asiseme tu kwamba mkojo unamchoma. Akisema hivyo atapewa dawa za maambukizi na kurudishwa nyumbani. Kwa nini nasema hivyo nitakueleza mbele, maana kuna mtu nilimwona akipotea kwa njia hiyo hiyo.

Sasa swali lako. Ni kweli, niliitumia, lakini kazini, kuwalaza wagonjwa wa upasuaji. Wewe mwenyewe ulipovunjika mkono ukiwa darasa la pili ulichomwa ketamini, ila nilimwomba mwenzangu akuchome yeye kwa sababu mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Katika hospitali ya wilaya kama ile yetu, hakuna dawa ya usingizi tuliyoitegemea zaidi. Mgonjwa wa ketamini halali kama unavyomjua mtu aliyelala. Macho yanabaki wazi, mboni zinacheza polepole huku na huku, mate yanamjaa, mkono unaweza kunyanyuka wenyewe. Ukimwita haitiki, na kisu kikipita hashtuki. Lakini anapumua mwenyewe, na presha yake haianguki. Mara nyingi hupanda kidogo. Fikiria mama aliyeletwa usiku anavuja damu, mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, umeme umekatika na mashine ya gesi imekaa kama kabati. Dawa nyingine za nusukaputi zingemmaliza. Ketamini ilimvusha. Nimewavusha wengi hivyo, na baadhi yao bado tunasalimiana sokoni.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1985. Mwaka 2015 China ilipopeleka pendekezo Umoja wa Mataifa, kule Vienna, ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa pamoja na dawa za kulevya, sisi watu wa usingizi tuliingiwa na hofu kubwa. Tungebanwa vibali, chupa zingeacha kufika, na wanawake wangekufa mezani. Shirika la Afya lenyewe lilishauri isifanyike, na uamuzi ukaahirishwa. Nakueleza haya ili ujue kwamba anayekuandikia haichukii dawa hii. Naiheshimu. Ndiyo sababu inaniuma kusikia inavyotumika humo ndani mwenu.

Dawa za jamii hii kazi yake ni kutenganisha akili na mwili. Katika ubongo kuna kemikali iitwayo glutamati, nayo ndiyo inayopeleka sehemu kubwa ya habari kutoka seli moja hadi nyingine. Ketamini huziba mlango mmojawapo wa kupokelea habari hizo. Mwili unaendelea kupiga hodi na hakuna anayefungua: maumivu yapo, hayafiki, sauti ipo, haina maana, miguu ipo, mwenyewe haijui kuwa ni yake. Kwa kiasi kidogo mtu hujisikia mwepesi, kama anaelea, mambo yanakwenda polepole. Kikizidi, anatumbukia mahali ambapo wenyewe wanapaita shimo: hawezi kusema, hawezi kusogea, wengine wanaamini wamekufa.

Ketamini ina ndugu yake mkubwa, fensiklidini, ambayo mitaani Marekani wanaiita PCP. Miaka ya 1950 walijaribu kuifanya dawa ya upasuaji, wagonjwa wakawa wanaamka na wazimu wa saa nyingi, wakaiacha. Mwaka 1962 mkemia Calvin Stevens, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Parke-Davis, akatengeneza ketamini ili ipatikane dawa ya namna ile yenye makali ya muda mfupi zaidi. Mwaka 1964 ikachomwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza, na waliochomwa walikuwa wafungwa wa jela moja ya Michigan. Makali yalipungua, hayakuisha. Nimeyaona kwa macho yangu. Mama mmoja niliyemsindikiza kutoka chumba cha upasuaji aliamka akanikaba shingo, akilia kwamba mimi ndiye niliyemfukia kaburini. Tulijifunza kuwaamsha mahali pa giza kidogo, pasipo kelele, na kuwapa diazepamu, dawa ya kutuliza. Watoto husumbuka kidogo kuliko watu wazima. Kwa nini, sijawahi kupata jibu lililoniridhisha.

Mwenzako anasema dawa hii ni salama kwa sababu inatumika hospitali. Mwambie hospitali ina kiti. Karibu na kichwa cha kila mgonjwa niliyemchoma kulikuwa na kiti, na mimi nimekaa juu yake, macho yangu kifuani kwake. Tumbo lake lilikuwa tupu tangu usiku ili asitapike na kupaliwa. Nilishajua uzito wake, nilishauliza moyo wake na presha yake. Mkononi nilikuwa na bomba la kufyonza mate, pembeni oksijeni na mfuko wa kumpulizia hewa kama kifua kingesimama. Na vilisimama, Idrisa, hata kwa ketamini, hasa mtu alipokuwa na dawa nyingine mwilini au alipochomwa haraka mno. Nilimpulizia dakika mbili tatu, akarudi, na asubuhi hakujua kitu. Ule usalama anaousifu rafiki yako ulikuwa umekaa kwenye kile kiti.

Chumbani kwake nani amekaa kwenye kiti? Yeye anavuta unga ambao hajui umechanganywa na nini, juu ya bia, tumbo limejaa, wenzake nao wamevuta. Ketamini na pombe, ketamini na dawa za usingizi, ketamini na heroini: kila moja ya hizo huivuta pumzi chini, na mtu anatapika asiweze hata kugeuza shingo. Wengine hawafi kwa dawa yenyewe. Wanaanguka ngazi, wanatembea barabarani bila kusikia gari, wanavunjika mfupa na kuukanyagia kwa sababu hausemi kitu, wanazama majini.

Yule mwigizaji wa Marekani uliyekuwa unamwangalia ulipokuwa sekondari, Matthew Perry, alikutwa amekufa Oktoba 2023 ndani ya bwawa lake la maji ya moto huko Los Angeles. Wachunguzi waliandika athari kali za ketamini, na kuzama wakakutaja pia. Alikuwa akitibiwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwa ketamini chini ya madaktari, lakini iliyomuua haikutoka kwenye matibabu hayo. Aliipata kwa mlango wa nyuma, na aliyekuwa akimchoma nyumbani ni msaidizi wake. Hakuna aliyekuwa akihesabu pumzi zake.

Najua mwenzako atakwambia kwamba hata yeye anatibu huzuni. Huenda ni kweli ana huzuni, na hapo usimcheke. Ni kweli pia kwamba Marekani mwaka 2019 iliruhusu dawa ya kupuliza puani, eskitamini, kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa za kawaida zimeshindwa kuwasaidia. Lakini inapulizwa kliniki, mgonjwa anakaa hapo hapo angalau saa mbili akiangaliwa, na siku hiyo haruhusiwi kuendesha gari. Unaona? Hata huko, kiti kipo.

Uliniuliza pia kuhusu mimea, kwamba kuna msichana hapo kwenu anasema cha asili hakidhuru, na alitaka kujua kama kweli Afrika kuna mitishamba ya namna hiyo. Ipo. Gabon wana iboga, mizizi wanayoitumia watu wa dini ya Bwiti katika ibada zao, chini ya wazee wanaojua wanachokifanya. Kemikali yake, ibogaini, huvuruga mapigo ya moyo, na watu wasiokuwa na ugonjwa wowote waliojulikana nao wamekufa. Mexico, Wamazateki wa Oaxaca wana jani lao, salvia, ambalo likivutwa humpotezea mtu mahali alipo kwa dakika chache. Dakika chache zinatosha kutoka dirishani.

Ila ninaoujua mimi ni mnanaha. Na wewe unaujua. Ule uliokuwa ukiota nyuma ya choo cha shamba, maua marefu meupe kama tarumbeta, tunda la mviringo lenye miiba. Bibi yako zamani alikuwa akichoma majani yake kwa ajili ya pumu ya babu yako, na wezi wa zamani walisifika kwa kuwatilia watu mbegu zake katika chakula. Wataalamu hawauweki fungu moja na ketamini, na kwa maoni yangu ni mbaya zaidi. Aliyetumia ketamini walau akizinduka anakumbuka kwamba alikuwa amelewa. Wa mnanaha hajui. Anazungumza na shangazi yake aliyekufa, anavuta sigara isiyokuwepo, anaokota vitu hewani. Niliwahi kupokea watoto wawili ndugu waliokula mbegu zake wakidhani ni za kuchezea tu. Mboni zimetanuka hadi rangi ya jicho haionekani, midomo mikavu kama karatasi, ngozi nyekundu ya moto, kibofu kimejaa na mkojo hautoki, moyo unakimbia. Tuliwafunga kwa kanga wasijirushe kitandani. Walipona, siku ya tatu. Mdogo alikaa wiki nzima hawezi kusoma, herufi zote ni ukungu.

Karibu na sisi, kule Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, mwaka 2019 watu wapatao 300 waliugua na watano wakafa baada ya kula uji wa unga wa lishe uliokuwa wa msaada. Maabara ilikuta ndani yake skopolamini na hiosiamini, sumu zile zile za mnanaha na magugu ya jamii yake. Wale hawakutaka kulewa. Walitaka uji. Kiasi cha sumu hutofautiana kutoka mti hadi mti, hata kutoka tunda hadi tunda la mti mmoja, kwa hiyo hakuna mtu, awe mganga awe profesa, anayeweza kuangalia kiganja cha mbegu akakwambia hizi zinatosha.

Na nikwambie jambo lililonishangaza nilipokuwa mwanafunzi. Ile atropini tuliyokuwa tukimchoma mgonjwa kabla ya ketamini ili kumkausha mate asipaliwe, asili yake ni mimea ya jamii hiyo hiyo ya mnanaha. Sinia moja, kichupa cha ketamini upande huu, atropini upande ule. Nilivipanga kila asubuhi, na kila asubuhi nilivihesabu.

Kuhesabu huko ndiko kulikonifikisha kwenye habari ya mwenzetu mmoja. Sitamtaja jina, wala hospitali. Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni. Kijana hodari, mkono mwepesi, mshipa wa mtoto mchanga anaupata mara moja. Akawa anaomba zamu za usiku. Vichupa vikaanza kupungua, kimoja, viwili. Tukalaumiana na watu wa stoo. Halafu akaanza kwenda chooni. Katikati ya kazi anatoka, anarudi, anatoka. Mkojo ukawa na damu. Sasa Tanga na mkojo wa damu, nani angefikiria kitu kingine? Tulisema kichocho. Mimi mwenyewe nilimpa kichupa cha kupelekea mkojo maabara. Hawakuona mayai ya kichocho, akapewa prazikwantel hata hivyo. Akapewa antibaiotiki, duru ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila kipimo hakionyeshi kijidudu. Alikonda, akawa anakojoa kila robo saa, amejikunja kama mzee.

Usiku mmoja nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, amekaa sakafuni, macho wazi, mboni zinacheza. Sikuhitaji kuuliza. Nilikaa naye mpaka akarudi, akalia, akaniambia alianza kwa sababu ya uchovu na msiba wa mkewe, na sasa anachoma kwa sababu ya kibofu. Ketamini ni dawa ya maumivu, Idrisa, na nzuri. Ilimpa maumivu kisha ikawa ndiyo pekee inayoyatuliza. Wakati ule hakuna kati yetu aliyejua kwamba ndiyo iliyoyaleta. Alifukuzwa kazi, akarudi kwao, na miaka miwili baadaye tukaletewa habari kwamba amefariki, figo.

Mwaka 2007 ndipo madaktari wa Toronto walipochapisha habari za wagonjwa tisa waliokuwa wakitumia ketamini na vibofu vyao vimeharibika, na mwaka ule ule wa Hong Kong nao wakaandika ya kwao. Mimi niliyasoma baadaye, kwenye semina moja Dar es Salaam, karatasi ikiwa mkononi. Ilinibidi nitoke nje. Kila mstari ulikuwa yeye.

Inavyotokea ni hivi. Ketamini ikishavunjwavunjwa na ini, mabaki yake hutoka na mkojo, na yanapokaa kibofuni huunguza ngozi laini ya ndani. Panavimba, panachubuka, panavuja damu, kisha panapona kwa makovu. Kovu halivutiki. Kibofu chenye uwezo wa kubeba karibu nusu lita kinasinyaa, wengine hakibebi hata kikombe cha kahawa. Makovu yakipanda kwenye mirija, mkojo unashindwa kushuka na figo zinavimba. Mwenzako akiacha sasa, mapema, wengi hupata nafuu na wengine hupona kabisa. Akichelewa, yako mambo ya upasuaji, ya kuongezea kibofu kipande cha utumbo au kukitoa chote na kuvaa mfuko wa mkojo tumboni. Ni watu wa umri wako. Hapo hapo karibu na wewe, Liverpool, hospitali ya watoto ya Alder Hey imelazimika kufungua kliniki ya vijana waliodhurika na ketamini. Watoto, Idrisa, walio na umri wa kuvaa sare za shule.

Akiacha, usitegemee kuona arosto kama ile ya unga uliyoiona kwa mtoto wa jirani. Ya ketamini iko zaidi kichwani: wasiwasi, huzuni, hamu isiyolala. Kumbukumbu yake nayo itakuwa imepwaya, atasahau uliyomwambia asubuhi. Mrudie bila hasira. Na siku ukimkuta hajibu, mlaze ubavu, usimwache chali, piga 999, simu ya dharura ya huko, na uwaambie alichotumia. Usiogope polisi mbele ya pumzi ya mtu.

Ya polisi, hata hivyo, yajue. Uingereza ketamini iko daraja B la dawa zinazokatazwa kisheria tangu mwaka 2014. Kukutwa nayo tu kunaweza kumfunga mtu hadi miaka mitano, na kumpa mwenzio, hata bure, ni hadi miaka 14. Wewe uko hapo kwa viza ya masomo. Nyumba ni moja, droo ziko jirani. Na yale maputo ya gesi ya kuchekesha mliyoyakuta sebuleni, nayo yameingizwa kwenye sheria tangu Novemba 2023. Ukiizoea gesi ile inaua vitamini B12 mwilini, na uti wa mgongo unaanza kufa ganzi kutoka miguuni. Hayo nayafupisha, nitakueleza kwa simu.

Jambo moja hukuniambia, na mimi sikukuuliza. Umesema "mwenzangu" mara tisa katika ujumbe ule, nimehesabu, ni mazoea ya kazi. Huenda ni mwenzako kweli, na mimi ni mama tu anayesikia visivyosemwa. Kama ni hivyo, nisamehe. Kama na wewe ulijaribu, mara moja au mara kumi, sitapiga kelele na sitamwambia baba yako kabla hatujakubaliana mimi na wewe. Ninachotaka kujua ni hicho kimoja: unakojoa vizuri?

Nitakupigia Jumamosi baada ya isha ya huku. Nitakuwa peke yangu barazani.

Mama yako